Beto Lugo na Bastola ya Pili

Mara ya kwanza Heriberto Lugo kuingia dukani kwangu alitaka mfuko, na alitaka kuupata bure.

Ilikuwa majira ya baridi. Alisimama mbele ya kaunta na suruali ya sare begani, theluji ikiyeyuka kwenye buti zake na kuharibu sakafu niliyotoka kuipiga deki, akanieleza kwamba askari wenzake wote wa zamu ya jioni wananunua kwangu mashati, mikanda na makoti, kwa hiyo mfuko mmoja hauwezi kunifilisi.

"Hao wenzako wote hulipa," nikamwambia.

"Kwetu mtu akinunua kuku wawili hupewa na yai."

"Basi kanunue kuku."

Akacheka, lakini hakuondoka. Huyo ndiye Beto, kama kila mtu alivyomwita: mfupi, mpana wa mabega, masharubu ya kupunguzwa kwa uangalifu, na subira ya mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye ndugu wengi na choo kimoja. Baba yake alitoka Puerto Rico kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha mabomba hapa mjini kwetu, kando ya Ziwa Erie, kama baba yangu alivyotoka Hungaria kuja kuunguzwa na tanuri la chuma. Beto mwenyewe alifanya kazi kiwandani hadi walipoanza kupunguza watu, ndipo akaingia polisi. Mimi nilianza kwa kushona nembo za mabegani jikoni mwangu, na kufikia siku ile nilikuwa na duka zima mkabala na mahakama: sare, buti, pingu, tochi, na kabati la kioo la bastola.

"Mfuko gani?"

"Wa mbele, kushoto. Mdomo uwe mpana, na ndani uweke ngozi ili kitu kisijichore kwa nje."

Akakiweka kitu chenyewe juu ya kaunta. Rivolva ndogo ya risasi tano, mtutu mfupi kama kidole gumba, nyundo yake ya nyuma imekatwa na kulainishwa isije ikanasa kwenye kitambaa. Kazi safi. Nikaigeuza, nikaona haikutoka kwangu.

"Umeinunua wapi?"

"Cleveland."

"Na mfuko ungeununua hukohuko."

"Doña Ilona," akasema, na tangu siku ile aliniita hivyo, kwa heshima ya kwao, "Cleveland hawajui kushona."

Nikamwuliza kwa nini kushoto, ilhali ala yake ya kiunoni iko kulia. Akageuka ubavu akanionyesha. Muda si mrefu uliopita, nyuma ya baa moja ya kusini mwa mji, pandikizi la mlevi lilimrukia na kuikamata bastola yake ya kazi.

"Mkono wangu wa kulia wote ulikuwa hapa," akasema, akikandamiza kiganja juu ya ala. "Yeye anavuta, mimi nakandamiza. Na huu wa kushoto? Huu ulikuwa unampapasa kichwani kama kinyozi. Hauna kazi."

"Na mwenzako alikuwa wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

Viwanda vilipoanza kuzima matanuri, kodi ilikauka, na mji ukaamua kwamba askari mmoja anatosha kwenye gari la doria. Zamani askari akizidiwa alimwita mtu aliyeketi pembeni yake. Sasa aliita redio, na redio ilimwambia asubiri. Mwenzake Beto ilikuwa ni hiki kichuma cha kiganjani, basi.

Nilimshonea. Hatukutumia fedha; tulimalizana kwa pasteli za mama yake, zile za Krismasi za ndizi mbichi na nyama zinazochemshwa ndani ya majani. Alileta ndoo. Yeye alidhani amenipunja.

Kwa miaka kumi ngozi ile niliihamisha kutoka suruali hadi suruali. Nilimfundisha kwamba mfuko wa bastola hauingii kitu kingine, si funguo, si sarafu, si peremende, na alinisikia. Kazini hakuna aliyemwuliza habari ya kichuma hicho. Nusu ya askari wa mji walikuwa na kichuma cha pili mahali fulani: kwenye kifundo cha mguu, chini ya kwapa, ndani ya koti. Mkuu wa polisi wa wakati ule alikuwa na cha kwake kwenye buti, na kila akija kununua soksi nilikiona.

Halafu idara ikabadilisha bastola. Wakaweka kando rivolva kubwa walizokuwa nazo tangu enzi za babu zao, wakaleta bastola mpya za magazini, risasi kumi na tano tumboni, nyeusi, baridi, hazipendwi na mtu aliyezidi miaka thelathini. Mimi nikapiga hesabu. Nikasema mwanamume akinyang'anywa kitu alichokizoea atatafuta kidogo kinachofanana nacho ajiliwaze. Kulikuwa na muuzaji wa jumla Pittsburgh anafunga biashara. Nikanunua rivolva ndogo zake zote, makasha juu ya makasha, nikayapanga chumba cha nyuma mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri.

Makasha hayajakaa wiki, amri ikatoka. Tulikuwa na mkuu mpya wa polisi, aliyeletwa kutoka nje ya jimbo, mtu wa kuogopa mawakili. Silaha ya pili marufuku, isipokuwa imekaguliwa na askari mwenyewe amefaulu mtihani wake uwanja wa shabaha. Atakayekamatwa nayo bila ruhusa, asimamishwe kazi. Atakayeitumia bila ruhusa, mji hautasimama naye mahakamani, na pensheni ajue mwenyewe.

Askari walikuja dukani kulalamika, si kununua. Walisema mtihani umetungwa ili watu washindwe. Walisema afadhali wasiende kabisa kuliko kushindwa mbele ya vijana. Kila mmoja alingoja mwingine atangulie. Mimi nilikuwa nikipita kwa ubavu kwenye mlango wangu mwenyewe nikiwasikiliza.

Beto alikuja peke yake, mchana, mfuko wake wa kushoto umelala bapa. Sikuwahi kuuona hivyo.

"Umeiacha nyumbani?"

"Nimebakiza miaka minne nipate pensheni, Doña. Nimeiacha." Akaketi kwenye kiti cha kujaribia buti bila kukaribishwa. "Jana nilisimamisha gari lenye watu watatu kule kwenye reli. Nikaongea nao vizuri tu, wakaenda zao. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa unatafuta mfukoni muda wote kama mtu aliyepoteza tikiti."

"Kafanye mtihani."

"Peke yangu?"

"Ukifaulu wewe, mzee wa miaka arobaini na kitu, nani atakaa nyumbani?"

Akanitazama. Hakuwa mjinga. "Una ngapi huko nyuma?"

"Za kutosha."

"Basi na mimi nina bei," akasema.

Tukapatana. Risasi za mazoezi zangu, kulenga kwake. Nikimaliza kuuza, suruali mbili mpya zenye mfuko wa ngozi, bila pasteli. Aliomba tatu. Nikamwambia ana miguu miwili.

Mtihani wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Unasimama karibu na shabaha, karibu kama urefu wa gari. Filimbi ikilia unatoa silaha ulikoificha, unapiga tano, unajaza tena, unapiga tano nyingine, na lazima umalize kabla ya filimbi ya pili. Rivolva ndogo haina magazini. Unafungua silinda, unasukuma maganda matupu yaanguke, unaingiza risasi mpya kutoka kwenye ukanda wa mpira unaozishika. Kwa mtu mwepesi muda unatosha na chenji inabaki.

Mimi ndiye niliyeiuzia idara karatasi za shabaha, kwa hiyo siku ile nilizipeleka mwenyewe na nikabaki. Mwalimu wa shabaha alikuwa Sajini Orville Stroud, mrefu, mkavu, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amemfundisha kila askari wa mji huu tangu siku ya kwanza anashika bunduki. Kapteni Merle Hutchins, aliyepewa kusimamia amri mpya, alikaa kwenye kiti cha kukunja akinywa kahawa.

Filimbi ikalia. Beto akachomoa kwa kushoto, akaunganisha mikono, akapiga tano kama anagonga misumari. Zote kifuani. Nikaanza kuona chumba changu cha nyuma kikipumua.

Akafungua silinda. Akaigeuza juu, na badala ya kuyaacha maganda yaanguke, akayakinga kwa kiganja, yote matano, akayapeleka mfukoni kulia, akayatia, akaupigapiga mfuko kwa nje kuhakikisha yamekaa. Ndipo akatafuta risasi mpya. Alikuwa bado anaingiza ya tatu filimbi ilipolia.

"Umeshindwa, Lugo," Stroud akasema.

Beto alisimama na rivolva wazi mkononi, akiangalia mfuko wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mtu wa nje hawezi kuelewa. Uwanja wetu ulikuwa maskini. Stroud alikuwa akijaza tena maganda yaleyale kwa baruti, ili watu wapate risasi za mazoezi, na hakuvumilia ganda lipotee kwenye changarawe. Tangu wakiwa wanafunzi aliwafundisha kukinga na kutia mfukoni, kukinga na kutia mfukoni. Aliyeangusha ganda moja alifagia uwanja mzima na kuwanunulia wenzake donati. Wazee wote wa rivolva walikuwa hivyo. Wake zao walinisimulia kwamba mashine za kufulia zinalia kwa maganda.

"Sajini," Beto akasema, polepole, "ni wewe uliyenifundisha hivi."

"Nilikufundisha usafi."

"Miaka kumi na sita."

"Na kwa usafi hukukosa hata alama moja. Leo tunapima muda." Stroud hakuwa anamkejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Jaribio la pili mwezi ujao. Likikushinda hilo, unangoja mwaka. Na hayo maganda yarudishe kwenye ndoo."

Beto akayarudisha kwenye ndoo. Moja baada ya jingine, kling, kling. Ndani ya gari langu ndipo alipofumuka.

"Umeona? Mtu anakufunga kamba mwenyewe, halafu anakucheka huwezi kukimbia."

"Sikumwona akicheka."

"Doña, usiwe upande wake."

"Mimi niko upande wa makasha yangu. Jumapili twende machimbo ya kokoto."

Tulikwenda. Shemeji yangu alikuwa na machimbo nje ya mji, hakuna mtu wa kusumbuka na kelele. Nilikuwa nimefikiri jambo, nikaliona la busara: niliushona mfuko wake wa kulia ukaziba kabisa, kwa uzi wa kushonea viatu. Mkono ukienda, usipate pa kuingia.

Alipiga tano. Akafungua silinda, akakinga maganda, mkono ukaenda mfukoni ukagonga mshono. Ukasimama pale. Beto naye akasimama, kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli imebadilishwa. Kisha akayahamishia mkono wa pili akayatia mfuko wa kushoto, wa bastola.

"Sasa umefanya nini?"

"Sijui."

"Yaangushe tu chini, baba. Fungua vidole."

"Najua kufungua vidole."

"Basi vifungue."

Akirudia polepole aliweza. Nikianza kuhesabu kwa sauti, mkono ulirudia mazoea. Nikamfunga kitambaa kiganjani, akayakinga na kitambaa. Nikamwambia ajaze kwa mkono mwingine, akaangusha risasi mpya na kubaki na maganda. Safari moja aliyatia kwenye shati, kifuani, yakiwa ya moto, akarukaruka machimboni akitaja watakatifu wa kwao kwa majina, na mimi nikacheka mpaka nikaketi kwenye mwamba. Yeye hakucheka. Alifungua shati, yakaanguka, na akainama kuyaokota.

"Yaache hapo," nikamwambia.

"Siwezi," akasema, akiwa ameinama bado. "Doña, naapa, siwezi."

Risasi nilizompa zikaisha, nikaleta nyingine. Mazoea yana taabu, na ya huyu yalikuwa yananila mimi. Jioni ya Jumapili ya tatu alitupa ukanda wa mpira kwenye kiti cha gari akaniambia amekwisha. Atatembea na ile moja ya kazi kama wengine, na Mungu akipenda miaka minne itapita.

"Na yule wa baa?"

"Yule yuko jela."

"Wenzake je?"

Nikamshusha kwao.

Ilikuwa bahati kwamba wiki ile Kapteni Hutchins alikuja kupimiwa sare ya gwaride. Alikuwa amenenepa, hataki kuambiwa. Mtu aliyesimama juu ya kiboksi bila viatu, na mwanamke amepiga magoti nyuma yake na pini mdomoni, huwa mpole.

"Kapteni, ule mtihani wa silaha ya pili," nikasema. "Mnachotaka hasa ni nini?"

"Kumi kwenye shabaha ndani ya muda. Basi."

"Kutoka silaha iliyokaguliwa."

"Bila shaka."

"Na askari akija na mbili zilizokaguliwa? Apige tano na hii, aiweke, atoe nyingine, apige tano?"

Akafikiri. Nilimwona kwenye kioo akifikiri. "Ilimradi kumi ziingie kabla ya filimbi, Ilona, mimi aje hata na nne. Unanibana hapo kiunoni."

"Nitakulegezea kidogo, hakuna atakayejua," nikamwambia, na nikamlegezea.

Nilipompelekea Beto rivolva ya pili, ilikuwa pacha wa yake, pamoja na ala ya ngozi ya kufunga kifundoni. Niliiweka mezani kwao. Aliiangalia kama mtu aliyeagiza supu akaletewa sufuria.

"Sijazi tena?"

"Hujazi. Ya kwanza ikiisha, itie mfukoni, piga goti, chomoa ya mguuni."

"Na maganda?"

"Yanabaki ndani ya silinda. Hutayaona."

Tabasamu likamtoka polepole chini ya masharubu. "Doña Ilona, wewe ulikosea. Ungekuwa wakili."

"Wakili hawezi kushona."

Hatukuhitaji hata machimbo mara mbili. Goti lake la kushoto lilikuwa baya tangu kiwandani, lilipofinywa na bomba, kwa hiyo tulihamishia ala mguu wa kulia ili apige goti kwa lile zima. Siku ya jaribio la pili Stroud alikagua rivolva zote mbili, akazigeuza, akamwangalia Kapteni. Kapteni akaangalia kahawa yake, akainua mabega. Filimbi. Beto akapiga tano, akaitia mfukoni, akashuka kwenye changarawe, akaipata ya mguuni, akapiga tano. Akabaki amepiga goti, akingoja filimbi ya pili, nayo ikachelewa kuja. Shabaha ilikuwa na matundu kumi unayoweza kuyafunika kwa sahani ya chai.

"Amefaulu," Stroud akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Kisha akaongeza, "Lakini, Kapteni, jambo moja. Alivyofaulu ndivyo atakavyobeba."

"Maana yake?"

"Hakufaulu na moja. Kafaulu na mbili. Akikutwa kazini na moja, hiyo si silaha iliyopita mtihani."

Ilikuwa hoja, na Kapteni ni mtu wa kupenda hoja inayomwondolea lawama. Akakubali palepale, na kesho yake ikaingia kwenye amri: silaha ya pili ibebwe kama ilivyojaribiwa, kwa idadi ileile na mahali palepale. Beto alikuwa bado anapangusa vumbi gotini.

"Sajini," akasema, "mimi nilitaka moja."

"Basi fanya mtihani na moja. Mwakani."

Askari walikuja dukani wiki ileile. Walikuwa wamesikia. Mazoea ya maganda yalikuwa yao wote, kila mzee wa rivolva aliyekulia chini ya Stroud, na hakuna aliyetaka kupapasa mfuko mbele ya vijana. Walinunua mbilimbili. Sikuwa nimepanga hivyo, lakini sikuwarudisha pia. Ala za kifundo ziliniishia nikaagiza nyingine, na mlango wa chumba cha nyuma ukaanza kufunguka kama mlango.

Kwa Beto mambo yalikwenda vingine. Bastola ya kazi kulia, rivolva mfukoni kushoto, rivolva kifundoni, pingu, redio, tochi, rungu. Akitembea alisikika. Vijana wa zamu wakamwita Duka la Vyuma. Akipita walimwuliza bei ya misumari. Mguu wa kulia ulibeba uzito chini, goti la kushoto likabeba mwili, na baada ya baridi ya kwanza alikuwa anachechemea pande zote mbili kwa zamu. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji iliingia kwenye ala ya mguuni, na chuma kikashika kutu kila siku asipokisafisha. Alikuja dukani kununua mafuta ya bunduki, akaiweka rivolva kauntani, ina madoa mekundu.

"Iangalie. Nilikuomba mfuko mmoja, miaka yote hiyo iliyopita. Mfuko mmoja."

"Na nikakushonea."

"Sasa nazunguka na karakana."

"Una ruhusa, Beto. Nani mwingine alikuwa nayo siku ile? Hukutaka kwenda peke yako kule kwenye reli, huendi peke yako."

"Naenda na wawili, na wote wananiuma." Akaegemea kaunta. "Wewe unaongea na Kapteni. Anakuja kwako, unampima, anakusikiliza. Mwambie mtu aliyefaulu na mbili aruhusiwe kubeba moja. Ni neno moja tu."

Nilikuwa bado na makasha mawili matatu ya mwisho, na siku ile asubuhi askari wa kitongoji cha jirani walikuwa wameulizia, kwa sababu mkuu wao alitaka kuiga amri yetu kama ilivyo. Nikamwambia kwamba Kapteni akishaandika amri hafuti, na kwamba akiguswa anaweza kuziondoa ruhusa zote. Hilo lilikuwa kweli. Lakini hiyo siyo iliyokuwa sababu yangu, na Beto alisimama akiniangalia mpaka akaiona.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Chache."

"Ukimaliza utamwambia?"

"Nikimaliza, tutaona."

Akachukua rivolva yake, akalipa mafuta, hakuomba nipunguze. Sikumbuki mara nyingine yoyote Beto Lugo kulipa bila kuomba nipunguze.

Mwaka ulipotimia alifanya mtihani na moja, hakunishirikisha. Nilikuwa uwanjani na karatasi zangu za shabaha. Alipiga tano, akafungua silinda, na maganda mawili yakaanguka kwenye changarawe. Mawili. Matatu aliyakinga, na mkono ukaenda mfukoni, na filimbi ikalia. Stroud aliinama akayaokota yale mawili mwenyewe. Beto aliondoka akichechemea kuelekea kwenye gari, na zote mbili alizivaa tena palepale, mguu juu ya bampa, kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza.

Niliuza kasha la mwisho majira ya kuchipua. Nilimtumia Beto suruali zake mbili, kama tulivyopatana, mfuko wa ngozi mpya kila moja, kazi bora niliyowahi kuifanya. Zilirudi na posta, hazijafunguliwa. Alikuwa ameanza kununua sare kwenye duka moja la Elyria, mji wa jirani, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kati ya askari wa Kipuerto Rico, nao wakamfuata mmoja mmoja: mashati, makoti, buti za watoto wao walioingia polisi baadaye.

Kwa Kapteni sikwenda kusema lile neno. Alihamishwa kabla sijaamua kama nitalisema, na aliyemfuata hakutaka kusikia habari za amri ya mtu mwingine.

Beto alimaliza miaka yake minne na rivolva zote mbili mwilini, kwa halali, na hakupiga hata risasi moja nje ya uwanja. Siku moja, nasikia, mtu alimkamata tena bastola ya kiunoni, kwenye ngazi za nyumba moja mtaa wa ishirini na nane, na Beto akaingiza mkono wa kushoto mfukoni, na mtu yule alipouona umekamata nini akaachia na kuketi mwenyewe kwenye ngazi. Kwa hiyo alipata alichokitaka. Alistaafu mzima, na pensheni kamili, na nyonga ambayo daktari aliibadilisha mwaka uliofuata.

Mimi nilimaliza makasha na faida nzuri. Nikitoa wateja waliohamia Elyria, bado nilikuwa mbele ya hasara, lakini si kwa mbali.